Bahari ikijaa kwa sekunde 43: kupiga taimulapsi kwa simu yako ya zamani

Maswali ni yale yale kila wiki. Nitumie programu gani? Mbona video yangu inatikisika? Mbona mwanga unapepesa? Mbona simu imejizima katikati ya kazi? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata kazi inavyokwenda tangu maandalizi hadi video kukamilika, ili ukimaliza kusoma uchukue simu yako ukapige.

Taimulapsi ni video inayotokana na picha za mnato. Unaweka kamera mahali isipotikisika, inapiga picha moja kila baada ya sekunde kadhaa, kisha picha hizo zinaungwa na kuonyeshwa 25 kwa kila sekunde. Jambo lililochukua saa 6 unalitazama kwa muda usiofika dakika moja. Nadharia inatosha hapo.

Mfano nitakaoshika nao ni maji ya bahari kujaa, hapa kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ni somo zuri kwa anayeanza: linatokea kila siku, saa zake zinajulikana mapema, halihitaji kiingilio, na ukikosa leo unarudi kesho. Aliye bara apige mawingu. Hatua ni hizo hizo, na namba zake nimeziweka pia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Simu. Ya zamani inafaa kuliko unayoitumia sasa, maana itakaa juu ya stendi saa nyingi nawe utahitaji simu ya mawasiliano. Usihangaike na ubora wa kamera. Video ya 1920 kwa 1080 ni takriban megapikseli 2 tu, hata 4K haizidi megapikseli 8.3, kwa hiyo kamera ya megapikseli 8 inatosha kabisa kuanzia. Kitu cha kukagua ni betri. Ilaze simu juu ya meza tambarare. Ikiwa inayumba, au kioo kimeanza kuachana na fremu, au mfuniko wa nyuma umeinuka, betri imevimba. Simu hiyo usiichaji, usiibonyeze mfuniko urudi mahali pake na usiitoboe. Ipeleke kwa fundi aitoe betri. Kuiacha juani saa 6 ikiwa imechomekwa kwenye chaji ni kutafuta moto.

Stendi ya miguu mitatu na kishikio cha simu. Ile ya bei ndogo inatosha, mradi utaiongezea uzito. Kama huna stendi, tofali mbili na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli vinaishika simu barabara. Nimewaona watu wakipata video tulivu sana kwa tofali, na wengine wakitikisika juu ya stendi ya bei kubwa.

Pawabenki ya mAh 10,000 na waya wa mita 1 au zaidi.

Nafasi kwenye simu. Picha ya megapikseli 12 huwa na MB 3 hadi 5. Picha 1,080 za MB 4 ni takriban GB 4.3. Hakikisha una mara mbili ya hiyo.

Programu. Kwa Android nashauri Open Camera. Ni ya bure, haina matangazo, na inakuruhusu kufunga mipangilio ambayo programu nyingi zinazokuja na simu zinaificha. Simu za iPhone zina hali ya taimulapsi ndani yake tangu iOS 8 ya mwaka 2014. Ni rahisi, ila pengo kati ya picha na picha inajiamulia yenyewe: kadiri unavyopiga kwa muda mrefu, ndivyo inavyoliongeza, ili video isipite urefu wa sekunde 40 hivi. Kwa majaribio ya kwanza haina ubaya. Ukitaka kuamua pengo mwenyewe utahitaji programu nyingine ya kupiga picha kwa vipindi.

Vitu vidogo: kitambaa laini cha pamba, chupa ya maji ya kunywa, kitambaa cheupe au mwavuli, mfuko mtupu wa kutia mchanga, utepe wa gundi wa karatasi. Kofia na maji yako mwenyewe pia, kwa sababu utakaa hapo.

Vile vishikio vya mota vya kutuliza mkono havina kazi hapa. Lenzi za kubandika pia ziache kwanza.

Hatua ya 1: Jua saa za jambo unalolipiga

Kutoka maji kupwa kabisa hadi kujaa kabisa ni saa 6 na dakika 12 hivi. Lakini siku hazilingani. Chagua siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Wakati huo tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hapa pwani hufika karibu mita 4, na sehemu kama Jambiani au Paje, upande wa mashariki wa Unguja, maji hukimbia mbali kiasi kwamba wakulima wa mwani wanatembea kwa miguu hadi mashambani mwao. Siku za maji mafu mabadiliko ni madogo, na video yako itaonekana kama haina kinachoendelea.

Pwani yetu imejaliwa jambo ambalo mpigapicha anapaswa kulishukuru. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa 10 au saa 11 jioni. Maana yake kujaa kote, tangu mwanzo hadi mwisho, kunatokea mchana kweupe. Tena fukwe zetu nyingi zinatazama mashariki, kwa hiyo kuanzia adhuhuri jua liko nyuma ya kamera, likiimulika bahari bila kuingia kwenye lenzi. Hata ungepanga mwenyewe usingepanga vizuri zaidi.

Saa kamili za siku yako zitazame kwenye jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote wa hapo. Kumbuka kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo namba za Jumatatu usizitumie Alhamisi.

Hatua ya 2: Chagua pengo

Pengo ni sekunde zinazopita kati ya picha moja na inayofuata. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika kabla hazijaanza, kwa sababu mtu huchagua pengo kwa kubahatisha, au huiga namba aliyoiona kwa mtu aliyekuwa akipiga kitu kingine.

Hesabu ni hii: chukua muda wa tukio kwa sekunde, gawa kwa pengo, unapata idadi ya picha. Idadi hiyo gawa kwa 25, unapata urefu wa video.

Maji kujaa: saa 6 ni sekunde 21,600. Pengo la sekunde 20 linatoa picha 1,080, yaani video ya sekunde 43.

Mawingu ya kawaida ya mchana: dakika 20 ni sekunde 1,200. Pengo la sekunde 2 linatoa picha 600, video ya sekunde 24. Mawingu ya juu sana yanayosogea polepole yape sekunde 5.

Barabara yenye magari na watu: sekunde 1, si zaidi. Ukizidisha, magari yanatokea na kutoweka bila kupita.

Machweo: anza dakika 45 kabla jua halijazama, maliza dakika 30 baadaye. Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka, kwa hiyo pengo lisizidi sekunde 5. Utapata picha 900, video ya sekunde 36.

Kunde au maharage yakiota kwenye pamba yenye unyevu: siku 5 kwa pengo la dakika 10 ni picha 720, sekunde 29 hivi. Hii pigia ndani ya boksi lenye taa isiyozimwa, mwanga wa dirishani usiingie.

Ukisita kati ya mapengo mawili, chukua lililo dogo. Picha za ziada utaziruka baadaye. Picha ambazo hukupiga huwezi kuzipata tena.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kusimamisha stendi

Tembea ufukweni uutafute mstari wa mwani mkavu na takataka ulioachwa na maji ya jana. Huo ndio mpaka wa bahari. Stendi ikae juu yake, na ongeza hatua kadhaa kwa usalama, kwa kuwa upepo nao husukuma mawimbi.

Mchanga ndio adui mkubwa hapa. Miguu ya stendi inazama kidogo kidogo bila wewe kuona, na ukija kuunga picha unakuta bahari yote inaelemea upande. Weka kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya kila mguu. Jaza mchanga kwenye mfuko ulioubeba, uutundike katikati ya stendi, chini, ukiwa unakaribia kugusa ardhi. Usirefushe miguu yote hadi mwisho, na nguzo ya katikati usiipandishe kabisa. Stendi fupi nene inaushinda upepo. Hapa kwetu upepo wa bahari huzidi nguvu alasiri, hasa wakati wa kusi (upepo wa msimu utokao kusini), na stendi iliyosimama imara saa 4 asubuhi inaweza kuwa inacheza saa 9.

Ukuta mfupi, ngazi ya saruji au nguzo ni bora kuliko stendi yoyote. Kikipatikana, kitumie.

Omba ruhusa panapohitajika. Bandari, kambi za jeshi, vivuko na majengo ya serikali si mahali pa kuacha kamera ikipiga saa 6 bila kumwuliza mtu. Na ukiwa mbele ya nyumba ya mtu au mahali watu wanapofanya kazi, salimia, eleza unachofanya, waonyeshe picha inavyoonekana. Mkulima wa mwani ana haki ya kukataa kuingia kwenye video yako. Akikataa, geuza kamera.

Hatua ya 4: Iandae simu

Fanya haya ukiwa bado kivulini.

Washa hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati ya kazi, programu ya kamera inaweza kusimama, na hata isiposimama, mtetemo unaisogeza fremu, yaani eneo ambalo picha inalichukua.

Zima hali ya kuokoa betri. Kisha nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu ya kamera uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Simu nyingi za bei nafuu zina utaratibu wa kufunga programu inayokula chaji, nao hauulizi.

Vua kava, maana linahifadhi joto. Punguza mwanga wa kioo hadi chini kabisa.

Futa lenzi. Lowesha ncha ya kitambaa kwa maji ya kunywa, futa, kausha. Chumvi ya bahari ikikaa juu ya lenzi picha zinakuwa na ukungu mweupe, na ukiisugua ikiwa kavu inakwaruza.

Chomeka waya wa pawabenki sasa hivi, kabla hujapanga picha. Ukisubiri chaji ishuke ndipo uchomeke, utaisogeza simu, na mruko huo utaonekana kwenye video. Ufunge waya kwa utepe wa gundi kwenye mguu wa stendi ili uzito wake usining'inie kwenye simu.

Hatua ya 5: Panga fremu

Simu ilale, isisimame wima, isipokuwa unajua kwamba video itatazamwa kwenye simu tu. Washa mistari ya gridi na ulinganishe upeo wa bahari na mmojawapo.

Tafuta kitu kisichosogea kikae mbele: nguzo, jiwe, mti wa mkoko, ngazi. Kitu hicho ndicho kitakachomwonyesha mtazamaji maji yamepanda kiasi gani. Bila hicho ana maji na mbingu tu, na macho hayana pa kushika. Mtumbwi uliotia nanga ni mzuri kuliko vyote, kwa sababu utaanza ukiwa umelala ubavu mchangani, kisha utasimama, kisha utazunguka na nanga yake.

Acha nafasi pembeni. Kata baadaye, si sasa.

Hatua ya 6: Funga mipangilio

Hii ndiyo hatua inayotofautisha video safi na video inayopepesa, nami nakusihi usiiruke. Simu ikiachiwa uhuru, kila picha inaiamulia upya mwanga, rangi na fokasi (umbali ambao vitu vinaonekana vikali). Picha moja moja zote zinaonekana nzuri. Zikiungwa, zinagombana.

Fokasi: gusa kitu kilicho mbali, kisha funga. Kwenye Open Camera unaweza kuchagua moja kwa moja fokasi ya mbali kabisa.

Rangi: mizani ya weupe usiiache iwe otomatiki. Chagua ya jua hata kama kuna mawingu. Zikitoka za kibluu kidogo si tatizo, zitarekebishwa zote kwa pamoja.

Mwanga: kama siku ni ya jua bila mawingu makubwa, funga kiwango cha mwanga kwa kitufe cha kufuli, ukipunguza kidogo chini ya kile simu inachopendekeza, kwa sababu adhuhuri mchanga mweupe utang'aa zaidi na sehemu iliyoungua kwa weupe hairudi. Kama mawingu yanapita na kuondoka, uache otomatiki, kisha kupepesa tutakupunguza kwenye kompyuta. Machweo nayo uyaache otomatiki. Ukifunga mwanga kwenye machweo, nusu ya pili ya video ni giza tupu.

Zima HDR (hali ya kuchanganya picha kadhaa za mwanga tofauti kuwa moja), zima hali ya usiku, zima vichujio vya urembo, zima utambuzi wa mandhari. Vyote hivyo hubadilisha picha kwa namna ambayo picha inayofuata haitairudia. HDR pia huchelewa kuhifadhi, na pengo lako la sekunde 2 linageuka kuwa 4 bila taarifa.

Kama unapiga ndani ya nyumba kwa taa ya umeme, kumbuka umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Ukizidi hapo, mistari ya giza itakatiza picha.

Hatua ya 7: Piga picha 20 za majaribio

Weka kurudia na pengo ulilochagua, weka na ucheleweshaji wa sekunde 5 ili mkono wako uwe umeondoka. Acha ipige picha 20. Kisha zifungue uzipitishe haraka kwa kidole, moja baada ya nyingine. Upeo unaruka? Stendi haijatulia. Rangi zinabadilika? Kuna kitu hukukifunga. Saa za picha zinaachana kwa sekunde 20 kweli? Zikiachana kwa 23, simu inachelewa kuhifadhi.

Watu wengi huona hatua hii inawachelewesha. Dakika 7 za majaribio ni kidogo kuliko saa 6 za kurudia.

Hatua ya 8: Anza, kisha usiguse

Anza dakika 10 kabla ya maji kupwa kabisa na uendelee dakika 10 baada ya kujaa. Ule utulivu wa mwanzo na wa mwisho unaipa video mahali pa kupumulia.

Kivuli ni muhimu. Simu ikipata joto sana hufunga kamera yenyewe, na jua letu la saa 7 mchana linatosha kabisa kuifikisha huko. Funika mgongo na ubavu wa simu kwa kitambaa cheupe, lenzi ikiwa wazi, au simika mwavuli upande wa jua. Usifunge mwavuli kwenye stendi yenyewe, upepo utaushika na kuitikisa. Pawabenki nayo ikae kivulini.

Kaa karibu. Kwanza kwa usalama wa simu, pili kwa sababu watoto watakuja kutazama na wana haki ya kuelezwa. Ukitembea nyuma ya stendi, tembea mbali. Mchanga laini unapokea hatua za mtu.

Hatua ya 9: Unga picha

Hamishia picha zote kwenye kompyuta kwa waya. Usizitume kwa WhatsApp, zitapunguzwa ubora. Ziweke kwenye folda moja peke yake, kisha tengeneza nakala ya folda hiyo mahali pengine kabla ya kugusa chochote.

Kwenye Windows: zipange kwa jina, zichague zote, rudi kwenye picha ya kwanza ubonyeze F2 (simu nyingi huandika tarehe na saa kwenye jina, kwa hiyo mpangilio wa jina ndio mpangilio wa muda). Andika herufi p, bonyeza Enter. Zote zitakuwa p (1), p (2), p (3) na kuendelea. Hakikisha p (1) ndiyo ya kwanza kweli.

Sakinisha ffmpeg, programu ya bure ya kutengeneza video kwa amri za kuandika, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, kisha andika mstari huu bila kuukata:

`ffmpeg -framerate 25 -start_number 1 -i "p (%d).jpg" -vf "deflicker=size=10,scale=1920:-2" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p bahari.mp4`

Namba 25 ni picha kwa sekunde. Sehemu ya deflicker inasawazisha mwanga wa picha jirani, na ndiyo dawa ya kupepesa. Scale inapunguza upana hadi 1920. Yuv420p usiifute, bila hiyo simu na televisheni nyingi zitakataa kuifungua video. Crf 18 ni ubora wa juu. Ukitaka faili dogo la kutuma kwa watu, weka 24.

Asiyependa kuandika amri atumie programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Ukiingiza folda ya picha zenye namba mfululizo, inazisoma kama kipande kimoja cha video. Inataka kompyuta yenye nguvu, lakini rangi utazirekebisha hapo hapo.

Mambo yakienda kombo

*Video inapepesa hata baada ya deflicker.* Ongeza size hadi 20 au 30. Kama bado, tazama picha zenyewe: huenda ni rangi zinazobadilika wala si mwanga, na hilo deflicker hailigusi. Rudi hatua ya 6.

*Mawimbi yanarukaruka, maji hayatulii.* Juani simu hupiga kwa kasi kubwa mno, kila wimbi linagandishwa mahali pake. Changanya picha 3 kuwa moja kwa kuongeza `tmix=frames=3,` kabla ya neno scale ndani ya amri. Maji yatalainika. Nguzo na ngazi hazitaharibika kwa sababu hazikusogea. Njia nyingine ni kushikiza kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi wakati wa kupiga, ili shata ikae wazi zaidi. Kagua rangi kwanza, kioo cha kahawia kinapaka kila kitu.

*Fremu inasogea polepole upande mmoja.* Mguu wa stendi ulizama. DaVinci Resolve ina kitulizaji kinachoweza kuirudisha, ukikubali kupoteza pembe za picha. Ndiyo maana nilisema uache nafasi.

*Kuna mruko mmoja mkubwa katikati.* Mtu aliigusa. Gawa video mahali hapo, sogeza nusu ya pili hadi ilingane na ya kwanza, kata pembe. Mruko ukiwa mdogo hautaonekana.

*Simu ilisimama baada ya saa moja au mbili.* Gusa mgongo wake. Ikiwa ya moto, tatizo ni jua. Ikiwa ya kawaida, angalia nafasi iliyobaki. Kama nafasi ipo, ni utaratibu wa kuokoa betri uliofunga programu; rudi hatua ya 4. Picha zilizopigwa hazijapotea, na saa 2 za maji kujaa bado ni sekunde 14 za video.

*Pawabenki inajizima yenyewe.* Baadhi huzima zikiona simu inavuta umeme kidogo, hasa ikishajaa. Anza kazi simu ikiwa na asilimia 60 hadi 70, iwe na sababu ya kuvuta.

*Ukungu mweupe umeongezeka kadiri muda ulivyokwenda.* Chumvi kwenye lenzi. Kwenye upepo mkali wa bahari huwezi kuikwepa kabisa, lakini ukisogea nyuma mita 15 au 20 na kuinua stendi juu ya ukuta inapungua sana. Usifute lenzi katikati ya kazi isipokuwa uko tayari kurekebisha mruko.

*ffmpeg inasema haioni faili.* Kagua kwamba dirisha la amri limefunguka ndani ya folda yenye picha, kwamba jina lina nafasi kati ya p na mabano, na kwamba mwisho wa jina ni .jpg na si .jpeg au .heic. Picha za heic zibadilishe ziwe jpg kwanza.

*Video ni fupi kuliko hesabu yangu.* Simu iliruka picha. Hesabu faili ulizonazo, linganisha na namba uliyotarajia. Zikikosekana chache zilizotawanyika, hakuna atakayeona. Zikikosekana mfululizo, utaona jua au kivuli kikiruka mahali hapo, na dawa yake kwa kazi ijayo ni kupunguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio au kuongeza pengo kwa sekunde 1 au 2. Kama unahifadhi kwenye memori kadi ya zamani, hamia kwenye hifadhi ya ndani ya simu, mara nyingi kadi ndiyo inayochelewa.